UZI: "Wafungwe!" dhidi ya "ni watoto tu!" Historia ya Borstal Kenya, na swali ambalo hakuna mheshimiwa anajibu

Wageni, sheria ya huku ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja inayozunguka mikutanoni, kwenye redio na kwa simu zetu, tunaiangalia ilikotoka. Leo ni ndefu, tafuta chai.

1.
Mambo huenda hivi. Kundi la vijana linavamia mtaa na panga. Watu wanakatwa, simu zinachukuliwa, mama mboga anayetoka sokoni alfajiri analala hospitalini. Polisi wanakamata kadhaa, na baadhi yao wana miaka 15, 16, 17. Kufikia Jumapili, waheshimiwa watatu washasema.

Wa kwanza: "Anayeweza kubeba panga si mtoto. Afungwe kama mtu mzima."

Wa pili: "Hawa ni watoto wetu, tumewanyima kazi. Waachiliwe."

Wa tatu: "Shida ni nidhamu. Zamani walipelekwa kambini, wakakimbizwa asubuhi, wakatoka wanaume. Turudishe hiyo."

Makofi kwa wote watatu. Kisha mwezi unaisha na tunasahau hadi tukio lingine.

2.
Ukisikiliza vizuri, wote wanazungumzia siku ya kuingia: aingie wapi, kwa muda gani, na kwa ukali kiasi gani. Historia yetu ya zaidi ya miaka mia moja inaonyesha kwamba sehemu inayovunjika ni siku ya kutoka. Kijana wa miaka 16 akipelekwa Borstal, sheria inampa miaka mitatu. Kumi na sita jumlisha tatu ni kumi na tisa. Atarudi mtaani, tena mtaa ule ule. Hilo ndilo hawakwambii.

3.
Kwanza tusafishe meza, maana mitandaoni kuna uongo mwingi.

"Kenya mtoto hashtakiwi." Si kweli. Kwa miaka mingi sheria yetu iliruhusu hata mtoto wa miaka 8 kushtakiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo iliyopandisha umri huo hadi 12. Kati ya 12 na 14, sheria inachukulia kwamba mtoto hawezi kuwajibika kwa kosa la jinai, lakini upande wa mashtaka unaweza kuleta ushahidi kuonyesha alijua anachofanya. Kijana wa 16 mwenye panga anashtakiwa vizuri kabisa.

"Basi anapelekwa jela." Pia si kweli. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza mahakama kumfunga mtoto jela, kumhukumu kifo au kumchapa viboko.

4.
Sasa anaenda wapi? Hapa ndipo wengi huchanganya, hata wale wanaotunga sheria.

Kuna shule za urekebishaji: Kabete, Wamumu, Othaya, Kakamega, Kericho, Likoni, na za wasichana kama Dagoretti na Kirigiti. Hizi ziko chini ya idara ya watoto. Zamani mlizijua kama "approved".

Kuna Borstal. Za wavulana ni mbili: Shimo la Tewa kule Pwani, na Shikusa kule Kakamega. Hizi ziko chini ya Idara ya Magereza, na ni za vijana wa miaka 15 hadi 17 waliopatikana na kosa ambalo mtu mzima angefungwa. Huku ndiko kunakopelekwa wengi wenye makosa mazito.

Na kuna kituo cha vijana pale Kamiti, cha walio kati ya miaka 17 na 21, ambako mtu hukaa miezi minne na kutoka.

Shika hilo neno Borstal. Lina safari yake.

5.
Twende mwanzo wa karne iliyopita. Nairobi ni mji mchanga uliozaliwa na reli. Vijana wanatoka vijijini wanakuja kubeba mizigo, kuosha vyombo kwa wazungu, kuuza vitu vidogo vidogo, na wengine kuiba. Serikali ya kikoloni ilikuwa na dawa rahisi: viboko, kisha rudisha kijijini. Viboko havikuhitaji jengo wala chakula. Wengine walitupwa jela pamoja na watu wazima.

Ndipo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali hiyo ikaanzisha shule ya kurekebisha wavulana pale Kabete. Wazo lilikuwa hivi: mtoe kijana mjini, mpe kazi ya mikono na ya shamba, mpe ratiba, atoke mtu mwingine. Kabete ipo hadi leo, kama shule ya urekebishaji. Zaidi ya miaka mia moja, na serikali kadhaa zimekuja zikaenda.

6.
Lakini angalia kosa lililofanyika pale pale mwanzoni, kwa sababu tumelirithi. Serikali ile haikutofautisha sana kijana aliyemjeruhi mtu na kijana aliyekuwa tu "anazurura". Mwafrika mdogo, hana kazi, hana mzazi karibu, yuko mjini: hilo peke yake lilikuwa kosa. Aliyeumiza mtu na aliyeudhi serikali wakawekwa kikapu kimoja.

Miaka mingi baada ya Uhuru, katika shule hizo hizo, bado ungemkuta mtoto aliyefiwa na wazazi akaokotwa mtaani analala bweni moja na mtoto aliyeletwa kwa wizi. Huyo wa kwanza alihitaji nyumba. Akajifunza kwa mwenzake.

7.
Sasa, Borstal. Hili ni jina la kijiji kule Kent, Uingereza, karibu na mji wa Rochester. Mwaka 1902, mkuu wa magereza anayeitwa Evelyn Ruggles-Brise alianzisha jaribio katika gereza la hapo: vijana watengwe na wafungwa wazima, wafundishwe. Mwaka 1908 bunge la Uingereza likaufanya kuwa mfumo wa sheria, na jina la kijiji likawa jina la mfumo wote.

Mfumo huo ulisimama kwa miguu mitatu. Wa kwanza ni mafunzo. Wa pili ni kifungo kisicho na tarehe moja ngumu, ili kijana akionyesha mabadiliko atoke mapema. Wa tatu ni kufuatwa baada ya kutoka: kulikuwa na Chama cha Borstal, kazi yake kumpokea kijana langoni, kumtafutia kazi na mahali pa kulala, na kumfuatilia.

Hiyo miguu mitatu usiisahau, tutairudia.

8.
Tufike mahali ambapo mheshimiwa wetu wa tatu anapenda kupataja, hata kama hajui jina lake. Wamumu.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Aprili 1954 ikafagia Nairobi, ikakamata makumi ya maelfu ya watu. Ndani ya msafara huo kulikuwa na wavulana. Wengi walijikuta Manyani na kambi nyingine, ndani ya seng'enge pamoja na watu wazima. Katikati ya miaka ya 1950 wavulana hao wakaanza kutolewa na kupelekwa kambi yao, Wamumu, kwenye tambarare za Mwea.

Pale alikuwepo afisa kijana anayeitwa Geoffrey Griffin, aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933. Alikuwa amehudumu jeshini wakati huo huo wa vita dhidi ya Mau Mau, kisha akaachana na jeshi.

9.
Wamumu kulikuwa na gwaride. Kulikuwa na sare, bendi, michezo, kuamka alfajiri. Hiyo ndiyo picha watu wamebaki nayo, na ndiyo mheshimiwa anaiuza: kimbiza kijana, atanyooka.

Kile ambacho picha haionyeshi ni kwamba vijana wale pia walisoma darasani na kujifunza ufundi, na walipotoka hawakusukumwa nje ya lango na kuambiwa kwaheri. Walitafutiwa kazi. Serikali na waajiri walijua Wamumu ni nini. Kijana aliyeingia kama mfungwa wa vita alitoka na karatasi inayomtetea na mahali pa kuripoti Jumatatu.

Gwaride lilikuwa sehemu ya asubuhi. Kazi ilikuwa sehemu ya maisha. Tumebeba gwaride, tukaacha kazi.

10.
Lakini wacha tusidanganyane, Wamumu si hadithi ya kuchekelea. Wengi wa wale wavulana hawakuwa wahalifu kwa maana ya mtu wa panga wa leo. Walizuiliwa bila kesi, katika vita vya ardhi na uhuru. Mkoloni alikuwa na sababu zake za kuwataka wawe "watiifu".

Na kambi nyingine za wakati huo zilikuwa za mateso. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia Wakenya 5,228, ikasema inasikitika kwa yaliyotendeka. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akasema "turudishe nidhamu ya zamani", muulize zamani ipi. Kambi iliyompa kijana kazi ilikuwa moja. Kambi zilizovunja watu mifupa zilikuwa nyingi.

11.
Kilichofuata kinathibitisha hoja. Mwaka 1959, Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe, Nairobi, kwa ajili ya wavulana maskini na waliokuwa wakiranda mitaani. Mwaka 1964, baada ya Uhuru, ikaundwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, na Griffin akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Wazo lile lile: chukua vijana wasio na kazi, wape sare, wape ujuzi, wape kitu cha kujenga.

Ona basi. Somo la Wamumu lilienda kwa vijana maskini na vijana wasio na kazi. Sawa kabisa. Lakini kijana aliyefanya kosa zito, yule ambaye Wamumu ilidai kumjua zaidi, alipelekwa njia nyingine.

12.
Njia hiyo ni Sheria ya Borstal, Sura ya 92, ya mwaka 1963. Mwaka ule ule wa Uhuru. Tulipokea jina la kijiji cha Kent, tukapokea majengo, tukapokea sare, tukaweka chini ya Idara ya Magereza. Shikusa na Shimo la Tewa zikaanza safari yake.

Cha kushangaza, Waingereza wenyewe walilifuta jina hilo. Sheria yao ya 1982 ilimaliza Borstal kule. Huku bado tunalo, na kila kizazi cha wabunge kimelipita kama mti wa barabarani.

13.
Sasa rudi kwa ile miguu mitatu.

Mguu wa mafunzo tunao. Useremala, ushonaji, uashi, kilimo, na darasa. Kuna vijana wamekalia mtihani wa taifa ndani ya Borstal na wakapita. Hongera kwao na kwa walimu wao, hii si kazi rahisi.

Mguu wa kifungo tunao, miaka mitatu.

Mguu wa tatu, wa kumpokea kijana langoni, ndio umekuwa mwembamba kama wa kuku. Kwa karatasi upo. Idara ya probesheni ina hata neno la huduma ya baada ya kifungo kwenye jina lake rasmi. Lakini afisa mmoja wa probesheni ana kesi za mahakama, ripoti za kuandika, watu wa huduma ya jamii wa kusimamia, na eneo kubwa la kuzungukia. Mtu aliyeshatoka huwa wa mwisho kwenye foleni, kwa sababu hapigi kelele. Ile siku atakayopiga kelele atakuwa na panga.

14.
Tufanye mfano, kijana wa kubuni, tusimpe jina. Anakamatwa Kisauni na miaka 16. Anaenda Shimo la Tewa. Anajifunza kuchomelea vyuma, na anajua kweli. Anatoka na miaka 19.

Alitimiza 18 akiwa ndani, kwa hivyo huenda anatoka bila kitambulisho. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa. Anakwenda kwa fundi wa mageti kuomba kazi, anaulizwa: mashine unayo? Hana. Anaomba kazi ya ulinzi, anaulizwa cheti cha tabia njema. Anaogopa hata kwenda kukiomba.

Mama yake alihama kwa sababu ya aibu. Majirani wanamwita mwizi. Watu pekee wanaofurahi kumwona, wanaomnunulia chakula siku ile ya kwanza, ni wale wenzake wa zamani. Wao ndio huduma ya baada ya kifungo, na hawahitaji bajeti ya serikali.

15.
Halafu kuna umbali. Borstal mbili za wavulana kwa nchi nzima. Kijana kutoka Lodwar au Garissa anapelekwa mamia ya kilomita kutoka kwao. Mzazi anayeishi kwa vibarua atamtembelea mara ngapi kwa miaka mitatu? Uhusiano unakauka. Kisha siku ya kutoka tunashangaa kwa nini familia haiko langoni.

Na wasichana? Kwa zaidi ya nusu karne baada ya sheria ya 1963, Kenya haikuwa na Borstal ya wasichana hata moja. Ya Kamae, pale Kamiti, ni ya juzi tu. Nusu karne, na hakuna aliyefanya hilo kuwa ajenda ya kampeni.

16.
Wengi mnauliza: na walioua?

Kwa miaka mingi, mtu aliyeua akiwa chini ya miaka 18 hakunyongwa. Sheria ilisema azuiliwe "kwa ridhaa ya Rais". Maana yake kwa lugha ya kawaida: hakuna tarehe ya kutoka. Anaingia akiwa mtoto, anakua huko, anakuwa mtu mzima huko, na hakuna hakimu anayeweza kumwambia ni lini. Faili iko mahali inasubiri sahihi.

Mwaka 2017, watu saba waliofungwa hivyo wakiwa watoto walienda Mahakama Kuu. Mahakama ikasema hilo linakiuka Katiba: adhabu ni kazi ya mahakama, na mtoto hawezi kuwekwa ndani bila kujua mwisho. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe tu pale ambapo njia nyingine zimeshindikana, na kwa muda mfupi zaidi unaofaa.

Kumbuka, mahakama haikusema wauaji waende nyumbani. Ilisema wapewe adhabu yenye mwisho. Na chochote chenye mwisho kinarudisha swali letu: mwisho ukifika, nani yuko langoni?

17.
Kuna pendekezo linalopendwa siku hizi: "Tuunde mamlaka moja ya taifa ya kurekebisha vijana wahalifu." Linasikika vizuri. Sasa hivi Borstal ziko kwa Magereza, shule ziko kwa idara ya watoto, wanaotoka wako kwa probesheni, na kila mmoja anasema yule kijana ni wa mwingine.

Lakini kabla ya kukata utepe, angalia waliojaribu. Jimbo la California, Marekani, liliunda mamlaka yake ya vijana mwaka 1941. Ilisifiwa kote kama mfano wa urekebishaji. Kisha siasa za "kuwa mkali kwa wahalifu" zikaingia. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na vijana kama 10,000. Majengo yakajaa, vurugu zikatawala, wengine wakafungiwa chumbani saa 23 kwa siku. Mwaka 2003 serikali ya jimbo ikashtakiwa, ikakubali kurekebisha mambo chini ya macho ya mahakama. Idadi ikapunguzwa mwaka baada ya mwaka, na Juni 2023 vituo vya mwisho vikafungwa, vijana wakarudishwa kwa kaunti zao.

Miaka 82. Jina lilikuwa zuri na mamlaka ilikuwa moja, lakini kilichoamua ni wangapi wanasukumwa ndani na nani anawajibika wakitoka. Ubao mpya langoni hauwezi kujibu hayo mawili.

18.
Sasa nawasikia: "Wewe unatetea wahuni. Aliyekatwa je?"

Swali la haki kabisa, na lazima lijibiwe. Yule mama mboga aliyekatwa mkono akienda kununua sukuma wiki hataki somo la historia. Anataka aliyemkata awajibike, na anataka aweze kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kuogopa. Yote mawili ni haki yake. Kijana aliyemkata lazima aondolewe mtaani, na hakuna kitu katika Katiba wala Sheria ya Watoto kinachozuia hilo.

Lakini fikiria kwa niaba yake. Miaka mitatu ikipita, mama atakuwa bado anatoka saa kumi na moja. Na kijana atakuwa njia ile ile. Swali la usalama wa yule mama kwa miaka thelathini ijayo ni huyu mtu wa miaka 19 anarudi akiwa nani. Ukipigia makofi siku ya kufungwa kwake na usiulize kuhusu siku ya kutoka, umemlinda mama kwa miaka mitatu tu.

Tena, mfumo wetu humsahau mama huyo kabisa. Anatoa ushahidi, kisha hasikii tena lolote. Haambiwi kijana anatoka lini. Anakutana naye kwenye kichochoro.

19.
Basi tuwajibu waheshimiwa wetu watatu.

Wa kwanza, "afungwe kama mtu mzima": mkoloni alifanya hivyo kabla ya Kabete. Hata yeye, ambaye hakuwa na huruma nasi, aliona mvulana akiwekwa na wafungwa wazima anahitimu kuwa mfungwa mzima.

Wa pili, "ni watoto tu": kweli ni watoto, na wengine wamefanya mambo mazito. Kumwachilia mtu aliyekata watu bila chochote ni kumrudisha kwa waliompa panga. Hiyo si huruma kwake wala kwa jirani.

Wa tatu, "wapelekwe kambini": tulikuwa na kambi moja ambayo watu wanaisifu, na siri yake ilikuwa Jumatatu ya kwanza baada ya kutoka. Ukileta gwaride bila Jumatatu, umewapa genge watu wenye mwili wa mazoezi.

20.
Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu akaongea kuhusu vijana wahalifu, mwacheni amalize, pigeni makofi kama mnataka, kisha mmoja wenu ashike maikrofoni amuulize haya:

a) Kijana anayetoka Borstal, nani anampokea langoni, na ofisi gani inajibu akipotea?

b) Atatoka na kitambulisho mkononi, ndiyo au la?

c) Cheti chake cha ufundi kinatambuliwa na mwajiri bila kutaja kilikotoka?

d) Kwenye bajeti, kuna shilingi ngapi za mwaka wa kwanza baada ya kutoka, tofauti na pesa za majengo na chakula?

e) Aliyejeruhiwa ataambiwa kijana anatoka lini?

f) Kaunti yetu ina mafundi na vyuo vya ufundi. Vingapi viko tayari kuchukua kijana mmoja mmoja?

Swali la mwisho linahusu hata sisi. Vyuo vya ufundi vya kaunti viko chini ya serikali ya kaunti, na mwakilishi wenu wa wadi anapitisha bajeti yake. Hatuhitaji kusubiri Nairobi kwa kila kitu.

21.
Mtu akikwambia "hiyo ni pesa nyingi kwa wahuni", mkumbushe kwamba tayari tumelipa. Tumelipa askari wa kumkamata, hakimu, chakula cha miaka mitatu, mwalimu wa ufundi. Tumejenga nyumba yote kisha tukakataa kununua mlango. Na akirudi ndani, safari hii akiwa mtu mzima, tunaanza kulipa upya, na mtaa unalipa kwa damu.

22.
Mwisho. Kabete imekuwepo tangu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Borstal zetu zina umri wa taifa. Katika muda huo wote tumebishana kuhusu ukali wa fimbo, na mara chache sana kuhusu lango. Vijana walio Shikusa na Shimo la Tewa usiku huu wana tarehe zao za kutoka, zimeandikwa kwenye faili. Wengine ni wiki hii.

Weka maoni chini. Hoja, si matusi. Kama ulifanya kazi kwenye vituo hivi, au ulipitia huko, au uliumizwa na mtu aliyepitia huko, tungependa kukusikia zaidi kuliko wote. Usitaje jina la mtu.

Uzi ujao: kwa nini kila serikali huahidi kupunguza msongamano magerezani, na rumande zinabaki zimejaa watu ambao kesi zao hazijaisha.